Soseji kwa Bei ya Mikate Sita

Mzee Tanuri hakuwa mtu wa mpira. Maisha yake yote ya kazi yalipita mbele ya tanuri la kiwanda cha mikate, na jina hilo alipewa huko na wenzake, likamfuata mpaka kwenye kustaafu. Jumapili alikuwa akilala. Lakini binti yake alipoweka tiketi mezani na kumwambia kwamba kijana anayetaka kumwoa ni mgonjwa wa mpira, yaani timu ikifungwa hata chakula hakipiti kooni, mzee alijikuna kidevu kwa muda.

"Sasa mimi naingiaje hapo?"

"Nilinunua mbili, Baba, yangu na yake. Zamu zimebadilishwa, Jumapili nitashinda wodini. Nenda wewe. Mtazoeana. Wanaume mkiangalia mpira huwa mnaongea."

"Na tukikaa kimya?"

"Mtakaa kimya pamoja. Nalo ni jambo."

Mzee akaichukua tiketi. Angekataaje? Huyo binti ndiye mtoto wake pekee. Mama yake alifariki kabla binti hajaanza shule, na tangu hapo walikuwa wawili tu katika nyumba ile, baba akimwita mwanawe "mama" kwa sababu alimrithisha jina la bibi yake mzaa baba, na binti akijifunza kupika, kufua na baadaye unesi, hatua kwa hatua, mbele ya macho yake. Leo mtu anakuja kumchukua. Na mtu mwenyewe hasemi! Alikuwa fundi wa mafriji, na pale nyumbani waliishia kumwita Fundi. Alikuwa amekuja mara kadhaa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti kinauzwa na yeye hana nia ya kukinunua, akajibu "ndiyo mzee" na "hapana mzee", akanywa chai, akaaga. Mtu wa namna hiyo utamjulia wapi?

Jumapili asubuhi mzee alikanda unga. Alioka mikate midogo ya mviringo, laini, akachemsha mayai, akafunga vyote katika kitambaa safi. Vya watu wawili. Mwenyewe hakugusa hata kimoja, maana alitaka wale pamoja. Kumlisha mtu ndiyo njia pekee ya kumkaribisha aliyowahi kuijua.

Walikutana nje ya uwanja. Fundi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mistari yake ingeweza kukata kidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefika zamani?"

"Sasa hivi tu."

Mgongo wa shati ulikuwa umelowa jasho kuanzia mabegani hadi kiunoni. Mzee aliona, akashika njia ya getini.

Getini kulikuwa na mama mmoja mnene, mpole wa uso, aliyekuwa akipekua mifuko. Alifungua kile kitambaa, harufu ya mkate ikampanda puani, akafumba macho kidogo kabla ya kusema, "Pole, baba yangu. Msimu huu chakula cha nje hakiingii."

"Hiki si chakula, mama. Ni mikate tu, nimeoka mwenyewe."

"Kumbe mkate si chakula?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama yule hakucheka. "Ningekuwa na uwezo ningekupitisha. Lakini na mimi nina mabosi wangu. Kila kitu kinauzwa humo ndani." Akamgeukia Fundi. "Na wewe kijana, hiyo chupa ya maji iliyoko mfuko wa nyuma. Usijifanye hunisikii."

Kitambaa alimrudishia mzee. Mikate na mayai vikaingia katika pipa kubwa la plastiki, juu ya maembe, karanga na vyakula vya watu wengine. Fundi alisimama akilitazama lile pipa kama mtu aliye msibani.

"Uliamka saa ngapi kuoka, mzee?" aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza tangu wajuane.

"Mapema. Mazoea tu."

Ndani, viti vilikuwa ngazi za saruji zilizokuwa zikila jua tangu asubuhi, na ukikaa ulilazimika kujiinua tena haraka na kujifanya unatafuta simu. Chini ya ngazi kulikuwa na kibanda cha chakula chenye ubao wa bei. Bei zilikuwa zimebandikwa karatasi juu ya karatasi. Kwenye kona moja gundi ilikuwa imeachia, na chini ya bei ya leo ungeweza kuchungulia bei ya mwezi uliopita, na chini yake nyingine, ndogo, ya enzi za furaha.

Mzee Tanuri hakuwa akihesabu vitu kwa fedha. Alihesabu kwa mikate, ndivyo akili yake ilivyozoea. Chupa ya maji, mikate mitatu. Soda, minne. Soseji ndani ya mkate, mikate sita mizima! Yaani mkate mmoja uliochanwa katikati, ukawekwa kipande cha nyama kisichozidi kidole, umegeuka mikate sita. Alijipapasa mfukoni. Alikuwa na nauli na cha kununulia soda mbili, lakini soda za dukani, si soda hizi za kifalme.

Nyuma yao jamaa mmoja mwenye tarumbeta alikuwa akilalamika kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Msimu uliopita nilikuwa nakula soseji mbili. Leo nanunua harufu! Wameona wachezaji hawajui kufunga, wakaamua watufunge sisi."

Mechi ikaanza. Wale wawili wakakaa wima, mikono magotini, kama watu waliokuja kupiga picha ya kitambulisho. Watu waliposhangilia, Fundi alimtupia mzee jicho, mzee akamtupia Fundi jicho, kisha wakapiga makofi, wakiwa wamechelewa kidogo kuliko uwanja mzima.

"Mzee, nikuletee kitu cha kula?"

"Aa, mwanangu, nimeshiba. Asubuhi nilikula kupita kiasi. Labda wewe?"

"Mimi ndiyo usiseme. Nimeshiba mpaka hapa." Akaweka kiganja shingoni.

Hapo hapo tumbo likanguruma. Lilikuwa la nani, hakuna aliyejua kwa hakika, lakini lilinguruma kwa muda mrefu na kwa hisia. Wote wawili wakautazama uwanja kwa makini, kana kwamba sauti imetokea golini.

Jua liliwachoma. Wauzaji walipita na ndoo za soda, barafu zikigongana humo ndani, na kila walipopita Fundi alimeza mate na kusema kitu kuhusu hali ya hewa. Mzee alianza kumhurumia, na kujihurumia pia. Kama angekuwa peke yake angelala. Lakini alikuwa na mkwe mtarajiwa, mgonjwa wa mpira, na alitaka kumfurahisha, basi akajikaza.

Wakati wa mapumziko Fundi alisimama. "Naenda msalani mara moja, mzee."

Mara moja hiyo ikawa ndefu. Mzee naye, kwa umri wake, hakuweza kukaa muda mrefu mbali na msala, akashuka. Alipokuwa akirudi, umati ulimbana karibu na nguzo ya ngazi, pembeni tu ya kibanda, na hapo akaliona shati lenye mistari ya pasi. Fundi alikuwa amefika mbele ya foleni.

"Soseji mbili, dada."

Muuzaji akamtajia bei. Fundi akatoa fedha, akaziangalia, akaingiza mkono mfuko mwingine, kisha ule mdogo wa juu ya mfuko.

"Mwezi uliopita si mlikuwa mnauza…"

"Mwezi uliopita ulipita nayo, kaka yangu. Bei ni hiyo pale. Unachukua?"

Fundi akajitoa pembeni kumpisha aliye nyuma yake. Aliugeuzia umati mgongo, na kwa sababu hiyo akawa amemgeukia mzee ubavu bila kumwona. Akakikodolea macho kiganja chake. Alitenga noti moja, akaitia mfukoni. Mzee alielewa kwamba hiyo ni nauli ya kurudia. Fundi akasita. Akaitoa tena, akaichanganya na zile nyingine. Kisha akarudi dirishani.

"Basi nipe moja. Na maji."

"Moja?"

"Moja. Lakini weka sosi ya kutosha, dada, na uifunge vizuri. Ni ya mzee wangu."

Mzee Tanuri alizipanda zile ngazi kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameiona kwa miaka. Alipokaa, alijipepea kwa kile kitambaa cha mikate, kama mtu ambaye hakuwa ameondoka.

Fundi akatokea. Kabla ya kufika alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, mdomo mkavu usio na hata tone la sosi.

"Karibu, mzee. Mimi yangu nimeila pale pale. Sikuweza kuvumilia."

Mzee aliipokea soseji kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto ndani ya karatasi.

Maneno yale aliyajua. Aliyajua kuliko alivyoyajua majina ya watu wa mtaani kwake. Baada ya mkewe kufariki, gharama za hospitali zilikuwa zimekomba kila kitu ndani ya nyumba, na kiwandani kila mfanyakazi alikuwa akipewa mkate mmoja wa kuondoka nao. Mkate huo ndio uliokuwa chakula cha jioni. Alimkatia mtoto, akampakia siagi kidogo, akakaa kumtazama. "Na wewe, Baba?" mtoto aliuliza. "Mimi nimekula kazini, mama. Mtu anayeoka mikate kutwa unadhani analala njaa?" Mtoto akaamini, maana jambo lenyewe liliaminika. Miaka ikaenda hivyo. Hadi jioni moja, binti akiwa amekwisha kuwa mkubwa wa kutosha kusoma nyuso za watu, alikula nusu tu, akaifunika nusu iliyobaki kwa sahani, akasema, "Nimeshiba, Baba. Leo shuleni tulipewa chakula." Shuleni hawakuwa wakipewa chakula. Mzee alikula ile nusu gizani, na hakuna kati yao aliyewahi kulitaja jambo hilo.

Sasa alikaa pale juani, mzee mzima, ameshika soseji, na pembeni yake amekaa kijana anayejifuta mdomo mkavu. Binti yake alikuwa amemtafuta mtu wa kuishi naye, akatafuta, akaja kumpata mwongo wa aina ile ile.

Akala taratibu. Alipofika katikati akasimama, akashika shavu.

"Nini, mzee?"

"Meno. Ya mbele haya unayoyaona ni mapambo tu. Ya nyuma yalistaafu kabla yangu."

"Pole sana. Basi pumzika kidogo, utamalizia."

"Haiwezekani. Hebu nisaidie, mwanangu. Mimi mtu wa mikate, kutupa mkate siwezi."

"Hapana, mzee, mimi nimekula sasa hivi…"

"Najua umekula. Nimesema nisaidie."

Fundi alikataa tena, kwa adabu, lakini kwa sauti iliyokwisha kulegea. Mara ya tatu akapokea. Ile nusu ilikwenda kwa matonge mawili. Akalamba kidole gumba, akashtuka, akakificha kile kidole kana kwamba kimemfanyia utovu wa nidhamu. Mzee alikuwa ameelekeza macho uwanjani kwa makusudi.

"Mkate wenyewe wa juzi huu," mzee akasema.

"Umejuaje?"

"Ukiubonyeza haurudi. Mkate wa leo ukiubonyeza unainuka, unakuuliza una shida gani. Huu umekata tamaa."

Fundi akacheka. Mzee alikuwa hajawahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha mtoto wa shule aliyekatazwa kucheka darasani. Kisha akauliza unga unaumuka kwa muda gani, na kwa nini mikate ya siku za baridi huwa mizito, na mzee akamweleza. Naye mzee akauliza friji linatoa wapi baridi.

"Halitoi baridi, mzee. Linatoa joto. Linalichukua ndani na kulitupa nje, ndiyo maana ukigusa nyuma yake panaungua. Baridi ni kile kinachobaki."

"Kumbe! Mimi miaka yote nimelifungia joto ndani, wewe unalifukuza."

"Tungefanya kazi chumba kimoja tungepigana."

Maji yale ya mikate mitatu waliyanywa kwa zamu, kila mmoja akipiga funda dogo ili yamfikie mwenzake, na kwa hiyo chupa ilidumu. Waliongea juu ya mafundi wanaobandika vipuri vya uongo, na wasimamizi wa kiwanda wanaopunguza uzito wa mkate bila kupunguza bei, na juu ya mama yake Fundi, ambaye alikuwa akiuza mboga na kuwalea watoto watano kwenye chumba kimoja. Waliongea wakiwa wamegeukiana, magoti yakigusana. Ghafla uwanja mzima ukalipuka. Jamaa wa tarumbeta aliipuliza juu ya vichwa vyao nusura awapasue masikio, watu wakakumbatiana, mtu asiyejulikana akambusu mzee kwenye upara.

"Kafunga nani?" mzee akapiga kelele sikioni mwa Fundi.

"Nilitaka kukuuliza wewe!"

Wakatazamana.

"Wewe si ndiye mgonjwa wa mpira?" mzee akasema. "Nimeambiwa timu ikifungwa huli."

Fundi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mimi? Mimi nimeambiwa ni wewe, mzee! Nimeambiwa ndoto yako ya miaka ni kuja uwanjani na mkweo. Wiki nzima nimekuwa nikikariri majina ya wachezaji."

"Ukawakariri?"

"Nimewasahau wote pale getini."

Mzee Tanuri alianza kucheka polepole, kuanzia tumboni, kicheko kikapanda mabegani, hadi machozi yakamtoka na ikambidi atumie kile kitambaa cha mikate kujifutia. Fundi naye alikuwa ameinama, ameshika mbavu. Watu waliowazunguka walidhani wanashangilia bao, wakawapigapiga mgongoni kwa upendo.

Hawakungoja filimbi ya mwisho. Nje, Fundi alikitazama kituo cha basi, akapunguza mwendo, akaanza kutafuta maneno. Mzee akamtangulia. "Mimi ningependa tutembee. Nikikaa sana nyonga zinaganda." Nauli ilikuwa mfukoni mwake, ya wote wawili, lakini aliona heri miguu iumie.

Nyumbani kulikuwa na donge la unga lililobaki asubuhi, limeumuka mpaka limeinua kifuniko. Mzee alimpa Fundi sehemu akande. Kijana aliukanda kwa woga, kama anayempapasa paka wa watu.

"Utie nguvu, haulii. Sasa niambie, kwa nini ukija hapa huwa husemi?"

Fundi aliendelea kukanda bila kuinua kichwa. "Naogopa, mzee. Najua binti yako hana mwingine ila wewe. Nikisema neno moja la kipuuzi ukanichukia, hatakuasi. Basi naona bora ninyamaze, angalau usipate sababu."

Mzee alichukua chumvi, akairudisha mahali pake bila kuitumia.

Binti aliingia jua likiwa linazama, bado na sare, viatu mkononi, na hata salamu hakutoa. "Kafunga nani? Betri za redio ya wodini zimeisha dakika za mwisho! Niambieni, kafunga nani?"

Wanaume wawili waliojaa unga mpaka viwiko wakatazamana.

"Yule… mwenye viatu vya kijani," Fundi akajaribu.

"Yupi? Walikuwa wangapi wenye viatu vya kijani?"

"Alifunga vizuri sana," mzee akasaidia. "Kwa mguu."

Binti akashusha viatu chini. Aliwatazama kwa zamu, na ukweli ukamwingia, kwamba tiketi zake, alizozifukuzia kwa siku kadhaa na kuzinunua kwa fedha za zamu za ziada, zilikuwa zimepotea bure kabisa kwa watu ambao hata jezi hawazijui. Akajishika kichwa. "Siti za mbele, Mungu wangu! Siti za mbele!" Kisha akaangua kicheko, akakaa sakafuni, akaomba mkate.

Fundi alikula mikate minne na mayai matatu bila kujifanya ameshiba, akaaga. Baba na binti wakabaki mlangoni kupunga upepo. Mtaani watoto walikuwa wakiitwa ndani wakaoge.

"Mlikula nini kule?" binti akauliza. "Nasikia siku hizi bei zake hazishikiki."

"Soseji."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mama. Tulishiba."

Alimgeukia, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyowatazama wagonjwa wake wanaosema hawaumwi. Kisha akakiegemeza kichwa chake begani kwa baba yake.

"Nyumba aliyoitafuta Fundi ni mtaa wa pili tu," alisema. "Nilimwambia siendi mbali. Akasema hata yeye hakuwa akifikiria mbali."

Mzee alifikiria mtaa wa pili. Unavuka barabara moja, unapita duka la dawa. Alifikiria jioni za humu ndani akiwa peke yake, na jambo hilo bado liliuma, lakini halikuuma kama asubuhi.

"Mwambie mwisho wa mwezi aje na mama yake," akasema. "Aje rasmi."

Binti alimshika mkono, ule mgumu wenye makovu ya moto, akakaa nao hapo mlangoni mpaka mbu walipowafukuza.